Uanagenzi wa nyaraka: taasisi ya chuo kikuu au makasha ya Lamu?

Ijumaa iliyopita binti wa kaka yangu alikuja kwangu Langoni baada ya sala, akaketi barazani, akaweka barua mbili juu ya mkeka. Amemaliza shahada ya historia mwaka jana. Barua ya kwanza inatoka kwenye taasisi ya utafiti ya chuo kikuu: nafasi ya mwanagenzi wa nyaraka, mwaka mmoja, aanze Septemba. Ya pili ni ya hapa hapa kisiwani: kusaidia kupanga na kupiga picha hati za maktaba ya madrasa moja pamoja na za nyumba kadhaa, chini ya mzee anayezijua.

"Shangazi," akaniuliza, "nitukue ipi?"

Swali hili huletwa kwangu kila mwaka na vijana wa hapa, wa Malindi, hata wa Kipini. Kazi za nyaraka ni chache, na anayepata nafasi mbili kwa mpigo huingia hofu asije akaacha iliyo bora. Mimi nimezipitia zote mbili. Nilikaa mwaka mmoja bara kwenye taasisi ya chuo kikuu, kisha nikarudi nyumbani, na tangu hapo nazunguka mitaa ya Mkomani na Langoni na brashi laini, kamera na daftari. Nitazilinganisha kwa yale niliyoyaona kwa macho yangu.

Jambo la kwanza kulijua ni kwamba njia hizi hazifundishi kitu kimoja. Kwenye taasisi utashika karatasi ambazo mwenyewe ameshaziacha: amestaafu, amefariki, au mradi wake umekwisha. Hapa Lamu utashika karatasi ambazo mwenyewe yuko, ameketi mbele yako, anakutazama mikono. Karibu kila tofauti nitakayoitaja huku chini inaanzia hapo.

Ni kazi gani hasa

Kwetu neno chuo lilikuwa na maana ya kitabu kabla halijawa na maana ya madrasa, na kabla halijawa chuo kikuu. Kijana wa Lamu akisikia nyaraka za chuo, mawazo yake huenda moja kwa moja kwenye misahafu ya Siyu na tenzi za kale. Ghala la taasisi ya utafiti kwa kawaida halifanani na hivyo. Mna madaftari ya watafiti waliokwenda nyanjani, kanda za mahojiano, kumbukumbu za vikao, barua za wahadhiri, ramani, picha zisizo na maelezo nyuma, na vikadi vya maneno vilivyokusanywa kwa ajili ya kamusi. Chukua mfano wa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tunayoiita TATAKI. Ukoo wake unarudi hadi kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930. Iliingia chuoni Dar mwaka 1964, ikaja kuitwa TUKI, na mwaka 2009 ikawa TATAKI. Chombo chenye umri kama huo kimehama ofisi, kimebadilisha jina na wakuu, na kila mabadiliko yameacha karatasi nyuma. Kuzifuata karatasi hizo na kujua ipi ilizaliwa ofisi gani, hiyo ndiyo kazi ya mwanagenzi.

Nafasi yenyewe hulengwa kwa mhitimu ambaye hajasomea fani ya nyaraka. Unafanya kazi ya kutwa chini ya mtunza nyaraka, mkono unazoea, halafu unaamua kama utaendelea na shahada ya pili.

Nafasi ya nyumbani haina umbo moja. Leo uko madrasani unafuta vumbi. Kesho uko sebuleni kwa mtu unahesabu hati za shamba. Keshokutwa hujaitwa popote, maana mwenye nyumba amefiwa.

Mikono inavyofundishwa kwenye taasisi

Hapa taasisi inashinda, tena kwa mbali.

Somo la kwanza nililopewa lilikuwa kutochanganya. Karatasi za mtu mmoja au ofisi moja hukaa pamoja, na hukaa katika mpangilio aliouweka mwenyewe. Watunza nyaraka watatu wa Uholanzi waliiandika kanuni hiyo kwa utaratibu mwaka 1898, na mpaka leo ndiyo msingi wa kazi. Ukiisikia unaona ni jambo jepesi. Mimi niliivunja wiki ya tano.

Nilikuwa nimepewa kasha la barua za mtafiti aliyewahi kufanya kazi visiwa vyetu. Nikaona mchafuko: barua ya mwezi wa tatu imekaa baada ya ya mwezi wa tisa, risiti ya jahazi imechomekwa katikati. Nikazipanga kwa tarehe, zikapendeza. Msimamizi wangu alipokuja alisimama kimya, kisha akaniuliza kama nilipiga picha kabla ya kuzigusa. Nilikuwa nimepiga, alhamdulillahi. Tukazifungua picha tukaziangalia pamoja. Kumbe yule mtafiti alizipanga kwa kijiji: Faza peke yake, Pate peke yake, Kizingitini peke yake, na ile risiti ilikuwa ya safari iliyomfikisha Faza. Kwa kuzipanga kwa tarehe nilikuwa nimeifuta safari yake. Ilinichukua siku mbili kuzirudisha. Hakuna aliyenigombeza, na sijalirudia kosa hilo hadi leo.

Hilo ndilo unalolifuata kwenye taasisi: mtu wa kukurekebisha kabla kosa halijawa la kudumu.

Somo la pili ni maelezo. Kuna kanuni ya kimataifa ya kueleza nyaraka, ISAD(G), yenye vipengele 26. Sita kati yake huhesabiwa vya lazima kwa kubadilishana maelezo na hifadhi nyingine: nambari ya kumbukumbu, kichwa cha habari, aliyeziunda, tarehe, ukubwa, na ngazi ya maelezo, yaani kama unaeleza mkusanyiko mzima, faili moja au karatasi moja. Nilipoanza nilitaka kueleza kila karatasi. Nikafundishwa kuanza juu, kwenye mkusanyiko mzima, halafu kushuka. Bila nidhamu hiyo utaeleza makasha mawili kwa uzuri wa ajabu, na mia mbili yabaki hayajulikani yana nini.

La tatu ni pini. Miezi mitatu ya mwanzo, asubuhi zote, nilitoa pini na klipu zilizoshika kutu. Hupaswi kuivuta klipu, maana kutu imeng'ata nyuzi za karatasi. Unapitisha kipande chembamba cha plastiki safi chini yake, upande wa juu na wa chini, unaishika karatasi kwa kidole, halafu unauinua mkono wa klipu taratibu kwa kijiti bapa mpaka ufunguke wenyewe. Kazi hii inachosha. Lakini mwisho wa miezi hiyo vidole vyangu vilikuwa vinajua uzito wa karatasi kavu na wa karatasi iliyooza, na ujuzi huo hakuna kitabu kilichowahi kunipa.

Kilicho Lamu ambacho taasisi haina

Siku moja niliitwa na bibi mmoja wa mtaa wa juu. Nilikuwa nimesharudi kutoka bara, nina cheti na glavu za pamba, nazo glavu niliziacha baadaye kwa sababu hupunguza hisia ya vidole na kuchana kingo. Mikono iliyooshwa na kukauka ni bora. Nilibisha hodi. Akajibu, "Ndoo mwanangu, keti. Lakini hazitoki."

Alimaanisha karatasi hazitoki nyumbani. Zilikuwa ndani ya kasha la mbao, zimefungwa kwa kanga kuukuu. Alinifungulia moja: hati ya mauzo ya shamba la minazi, ya mwaka 1309 wa Hijria. Kwenye taasisi ningeandika tarehe zote mbili, maana mwaka huo ulianza Agosti 1891 ukaisha Julai 1892, na ningeandika majina ya muuzaji, mnunuzi na mashahidi, nikaenda zangu. Bibi akaweka kidole kwenye jina la shahidi wa pili.

"Huyu si shahidi tu," akaniambia. "Huyu ndiye aliyekuwa akidai."

Akanieleza: shamba liliuzwa ili kulipa deni, na mwenye kudai akawekwa kuwa shahidi ili asije akasema hakulipwa. Hakuna palipoandikwa hilo katika karatasi yote. Lilikuwa kichwani mwa mwanamke mmoja aliyelisikia kwa nyanya yake.

Ujuzi wa namna hii unaupata Lamu kwa wingi, na una umri. Karatasi ikitunzwa vizuri itaishi miaka mia nyingine. Bibi hana miaka mia nyingine.

Halafu kuna kusoma. Hati zetu nyingi ni Kiswahili kwa khati za Kiarabu, na herufi zile hazikutengenezwa kwa ajili ya sauti zetu. Katika maandishi ya zamani herufi moja ya *be* hubeba b, p na mb, kwa hivyo neno lile lile laweza kuwa *kuba*, *kupa* au *kumba*, na ni sentensi inayokwambia. E na i huandikwa kwa alama moja, o na u vilevile. Aliyesoma madrasani utotoni, akakulia Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, husoma mstari kwa kuusikia. Mhitimu wa mahali pengine, hata akiwa na shahada ya Kiarabu, hukwama kwenye kila neno. Kama una uwezo huo usiudharau. Ghala kubwa zina hati za aina hii, na wanaoweza kuzisoma ni wachache.

Jambo jingine unalojifunza nyumbani ni mipaka. Ndani ya kasha moja mna hati ya ndoa, orodha ya mahari, barua ya ugomvi wa mirathi ambao wajukuu wake wanasalimiana kila siku sokoni, na karatasi ya dawa na dua ambayo mwenyewe hataki ionekane na mtu. Kenya ina sheria ya kulinda data ya mwaka 2019, na kwenye taasisi utafundishwa fomu za ruhusa. Lakini sebuleni kwa mtu fomu ni mwisho wa mazungumzo, haiwi mwanzo. Mimi huanza kwa kuuliza ni karatasi gani nisiitazame.

Unyevu, wadudu na dari inayovuja

Kwenye taasisi nilikuta chumba chenye kiyoyozi, kipimo cha unyevu ukutani, makasha yasiyo na asidi, na friza ya kuulia wadudu. Ni raha kufanya kazi mahali kama hapo. Ubaya wake ni kwamba unaweza kuzoea vifaa ukasahau sababu zake.

Hapa sababu zenyewe zinakujia. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 65 na kukaa hapo, kuvu huanza. Visiwani kwetu, wakati wa masika, hilo si jambo la kungojea. Zidaka, yaani vishubaka vilivyo katika kuta za matumbawe, hupendeza, na wengi huweka vitabu humo, lakini ukuta ule hunywa maji na kuyatoa, na kitabu kilichoegemezwa ukutani huoza mgongo kwanza. Siku hizi nikiingia nyumba yenye hati, jambo la kwanza ninaloliomba ni kusogeza kasha mbali na ukuta wa nje na kuliinua juu ya vipande vya mbao. Hii haina gharama, na imeokoa karatasi kuliko dawa yoyote niliyowahi kununua.

Wadudu je? Taasisi hugandisha: digrii 30 chini ya sifuri kwa siku tatu. Friza ya nyumbani haifiki huko, lakini nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili hufanya kazi. Hati inafungwa ndani ya mfuko wa plastiki uliozibwa vizuri, na ukishaitoa humo usiufungue mfuko mpaka ipite siku nzima, kusudi maji yasitande juu ya karatasi. Niliifanya mara ya kwanza kwenye friza ya jirani aliyekuwa ameacha biashara ya samaki. Tuliisafisha kwa siku tatu. Majani ya mwarobaini, ambayo wazee wetu huyatia ndani ya makasha, hufukuza baadhi ya wadudu, lakini yakigusana na karatasi huacha madoa. Yatie kwenye kimfuko cha kitambaa, pembeni.

Na gundi ya selotepu, tafadhali, usimruhusu mtu. Wala kupiga plastiki ya moto kama kitambulisho. Nimeona hati ya miaka zaidi ya mia iliyopigwa plastiki kwa mapenzi mema dukani, na wino ukayeyuka pamoja na joto. Aliyefanya hivyo alikuwa akiilinda. Hili ndilo linalonifanya niseme mapenzi peke yake hayatoshi, na kwamba mafunzo ya taasisi yana thamani hata kwa asiyekusudia kuishi huko.

Pesa

Taasisi huandika posho ndani ya mkataba, ukajua. Kujua si kupata: mimi nilikaa miezi mitatu bila kulipwa, nikaambiwa fedha za mradi hazijafika, na nikaishi kwa hisani ya binamu yangu. Kodi ya nyumba mjini itakula sehemu kubwa ya kile utakachopewa. Ongeza nauli: basi la kutoka Malindi kupita Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha boti. Hutarudi nyumbani kila mwezi.

Nyumbani hulipi kodi na unakula kwa mama. Malipo ni madogo, mengi yanategemea mradi, na mradi ukiisha yanaisha. Kama una wadogo wanaokutegemea shuleni, hesabu hii iamue kabla ya mengine yote, na usione haya.

Cheti na njia ya mbele

Anayetaka kufanya kazi hii maisha yake yote atahitaji masomo ya fani. Moi University huko Eldoret hufundisha nyaraka na kumbukumbu. Uingereza kuna UCL, Liverpool, Glasgow, Aberystwyth na Dundee, na hii ya mwisho husomwa kwa mbali ukiwa kwako. Vyuo hivi hupenda mwombaji aliyeshika kazi kabla ya kuomba. Barua ya msimamizi wa taasisi, ikitaja ulichokipanga na kiasi chake, inasomeka popote. Barua ya mzee wa madrasa, hata iwe na ukweli mara kumi, inahitaji kufafanuliwa.

Dawa ya hilo ni kuandika. Anayefanya kazi nyumbani aweke daftari la saa: tarehe, mahali, alichofanya, sahihi ya anayemsimamia. Ufadhili wa masomo wa Chevening wa serikali ya Uingereza, kwa mfano, hudai saa 2,800 za uzoefu wa kazi, na kazi ya kujitolea huhesabika. Mwaka mmoja wa kazi ya kutwa haufikishi hesabu hiyo, kwa hivyo hata wa taasisi atahitaji kuongeza. Saa zisizoandikwa hupotea.

Serikalini kuna mlango pia. Nyaraka za taifa zina sheria yake tangu 1965, na kwa kawaida faili za umma hufunguliwa kwa wasomaji zikishatimiza miaka 30. Serikali za kaunti zilianza 2013. Faili zake za mwanzo zina miaka iliyozidi kumi kidogo tu, ziko kwenye kabati za ofisi, na zinahitaji watu wanaojua kuzipanga kabla hazijawa tatizo la wajukuu wetu. Kwa kazi hiyo, mafunzo ya taasisi ndiyo yanayotakiwa.

Hati zilizosafiri

Kuna jambo ambalo kila kijana wa Lamu anayeingia fani hii hukutana nalo, na huuma. Muhamadi Kijuma, mwana wa Lamu, mwandishi wa khati nzuri, mshairi na mchongaji, alifariki mwaka 1945. Aliwaandikia wataalamu wa Ulaya waliokuwa wakikusanya Kiswahili, miongoni mwao Alice Werner na William Hichens. Hati nyingi za mkono wake leo ziko London, katika chuo cha SOAS, na nyingine Ujerumani. Ziko salama, zimeelezwa vizuri, na mjukuu wa jirani yake atahitaji viza kuzigusa.

Sasa tazama mfano wa pili. Hati za Msikiti wa Riyadha, hapa Lamu, zilipigwa picha chini ya mpango wa nyaraka zilizo hatarini wa British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, mradi EAP466, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Bergen. Kanuni ya mpango ule ni kwamba hati zenyewe hazitoki nchini mwake; zinazokwenda ni picha, na nakala hubaki na wenyewe. Oktoba 2023 British Library ilishambuliwa na wahalifu wa mtandao, na huduma zake nyingi zikazimika kwa muda mrefu, picha za mpango huo zikiwemo. Ambaye hati zake zilikuwa bado nyumbani alikuwa nazo.

Ninayataja haya kwa sababu yanagusa chaguo lenyewe. Mtu aliyefundishwa na taasisi ndiye anayeweza kuketi na watu wa mradi kama ule, akaelewa mkataba, akauliza nani atakuwa na haki ya picha, zitawekwa kwa umbo gani, na nakala itakaa wapi. Mtu aliyekulia kwenye makasha ndiye anayefanya mlango ufunguliwe. Lamu imekuwa na wageni wengi waliofundishwa vizuri, na wenyeji wengi walioaminiwa. Wenye vyote viwili nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na ndiyo haja yangu kwa binti huyu.

Kabla ya kutia sahihi

Taasisi iulize nani atakusimamia kwa jina, na atakaa nawe saa ngapi kwa wiki. Jibu likiwa "utasaidiana na wenzako", jihadhari: utakuwa mkono wa kubeba makasha. Uliza ni mkusanyiko gani utakaoupanga mwenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kama jina lako litaandikwa kwenye mwongozo wake. Uliza posho hulipwa tarehe ngapi, na na nani. Kama wana kanda za mahojiano, omba kuzishughulikia. Kanda zinakufa haraka kuliko karatasi, na wanaojua Kiswahili cha pwani cha kuzieleza ni wachache.

Kwa nafasi ya nyumbani swali kubwa ni moja: hati ni za nani? Kama madrasa ina wadhamini, wakubaliane kwa maandishi, wote. Nimeona kazi ya miezi saba ikisimamishwa kwa sababu ndugu mmoja aliyekuwa Mombasa hakuulizwa. Na uliza picha zitawekwa kwenye diski ngapi. Moja haitoshi, mbili katika nyumba moja ni kama moja.

Nilivyomjibu

Kwa kijana asiye na mtu wa kumshika mkono, nasema taasisi kwanza, bila kusita. Makosa ya mwanafunzi hutendeka popote. Kwenye taasisi yana wa kuyaona mapema, na karatasi za watu wa Lamu hazistahili kuwa za kujifunzia peke yako.

Kuna hali moja inayogeuza hukumu hiyo: kama yupo mtu anayeijua hati kuliko ilivyoandikwa, na umri wake umekwenda. Hapo mpangilio unaweza kusubiri, maelezo yanaweza kusubiri, hata picha. Maneno ya yule mtu hayasubiri.

Nikamwuliza binti, mzee wa madrasa ana umri gani. Akanyamaza kidogo, kisha akasema anapita themanini, na mwezi uliopita alilazwa.

Basi tukakubaliana hivi. Aiandikie taasisi leo, kwa adabu, aeleze sababu bila kuficha, aombe kuanza Januari badala ya Septemba. Wakikataa, aende Septemba, na miezi iliyobaki aitumie yote kwa mzee. Kwa mzee asiguse mpangilio wa kitabu hata kimoja. Akae, afungue hati moja moja pale pale ilipo, aulize ni ya nani, ilifikaje hapa, huyu aliyetajwa ni nani, na arekodi jibu kwa simu huku akiandika daftarini nambari ya rafu na nafasi ya kitabu, ili siku ya kupanga ikifika sauti na karatasi zikutane.

Barua ameipeleka Jumamosi. Jibu halijaja. Jumatatu alfajiri amenipitia tukaenda pamoja kwa mzee, na njiani nikampekua mkoba: simu ina chaji, daftari lipo, kitambaa kipo, na kalamu ya wino nimemnyang'anya. Karibu na hati ni penseli tu.